Nyota 100 za GitHub zaziweka nje lugha changa

Seva ya lugha ndiyo inayomwonyesha mwandishi wa kodi makosa yake hapohapo anapoandika. Kuingiza seva mpya kwenye nvim-lspconfig, plagini ya kihariri cha Neovim, si kazi kubwa: ni faili fupi tu, lenye amri ya kuiwasha na aina za mafaili inazohudumia. Kasheshe ni sharti. Seva iwe na nyota walau 100 kule GitHub, au ushahidi mwingine kuwa watu wanaitumia. Wanazuia matangazo na miradi ya kujionyesha, sawa. Lakini lugha changa itapataje nyota bila kuonekana?

Nafuu ipo. Tangu toleo la 0.11, Machi 2025, faili lilelile ukiliweka kwenye folda yako ya lsp na kuongeza mstari mmoja wa kuliwasha, linafanya kazi bila kumwomba mtu. Ila linabaki kwako. Wenzako wa lugha hiyo kila mmoja ataandika lake.