Riba ya nyavu imejificha kwenye mizani

MVUVI wa sangara katika Ziwa Victoria anapopewa nyavu na injini na wakala wa samaki, huambiwa kuwa mkopo huo hauna riba. Kwa maneno matupu ni kweli. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna hati ya nyumba inayowekwa rehani, na fedha au vifaa hupatikana siku hiyohiyo. Sharti huwa moja tu: samaki wote wauzwe kwa wakala huyo mpaka deni liishe. Ndani ya sharti hilo ndimo riba ilimojificha, na inaweza kuwa kubwa kuliko ile ya benki ambayo mvuvi anaikimbia.

Chukua siku moja ya kiangazi kwenye maji ya Nkome, mkoani Geita. Nyavu za makila zimetegwa jioni na zinatolewa alfajiri. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, mawimbi hupanda, na mtumbwi unaorudi ukipambana na upepo hunywa mafuta mengi kuliko ulipokuwa unakwenda. Jua likishapanda, sangara aliyelala ndani ya mtumbwi bila barafu anaanza kupoteza thamani. Anayesubiri ufukweni akiwa na kasha la barafu ni yuleyule wakala mwenye nyavu. Mizani ni yake, bei anaitaja yeye. Mvuvi atabishana na nani, na kwa muda gani?

Sasa hesabu. Tuchukulie mvuvi amekopeshwa vifaa vya Sh4,000,000, na wakala anamlipa Sh500 pungufu kwa kila kilo ukilinganisha na mnunuzi asiyemdai. Mtumbwi ukileta kilo 30 kwa siku, kwa siku 22 za kazi katika mwezi, hizo ni kilo 660. Pengo la bei peke yake ni Sh330,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh3,960,000, karibu sawa na mkopo wenyewe, na deni bado lipo palepale kwa sababu fedha hiyo haikuhesabiwa kama marejesho. Chama cha kuweka na kukopa kinachotoza asilimia 20 kwa mwaka kingechukua riba ya Sh800,000. Mvuvi anayesema Saccos ina riba kali hajapiga hesabu ya ile Sh500.

Mkulima wa pamba wa Shinyanga hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Anajua tofauti ya kuchukua mbegu na dawa kwa mkopo ulioandikwa kwenye kitabu, na kuchukua kwa mtu atakayekuja kununua pamba hiyohiyo kwa mizani yake. Tofauti ni kwamba pamba inaweza kulala ghalani wiki mbili.

Kuna wengine wanaolipa deni hili ambao hawatajwi kabisa: vibarua wa mtumbwini. Kwa kawaida mapato hutolewa kwanza gharama za mafuta na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi wake. Bei ikiwa imeshapunguzwa kwenye mizani, fungu la kila mmoja limepungua kabla ya mgawo kuanza. Kijana aliyevuta nyavu usiku kucha analipa sehemu ya injini ambayo haitakuwa yake hata siku moja. Si ajabu akiacha ziwa na kwenda kujaribu bahati kwenye maduara ya dhahabu.

Haki itendeke kwa wakala pia. Yeye huleta barafu mahali ambapo umeme ni wa shida, hukubali nyavu zake ziibwe au zichukuliwe na maji, na mara nyingi ndiye anayekimbiliwa mvuvi akifiwa au mtoto akiugua. Wakala mwenyewe huwa amechukua fedha za mnunuzi mkubwa au kiwanda. Kumfukuza mwaloni kabla ya kupata wa kuziba nafasi yake ni kuwaacha wavuvi bila nyavu na bila barafu. Lakini huduma hizo zina bei, na bei hiyo ijulikane. Tena hatari haibebwi na wakala peke yake. Soko likiyumba, kama ilivyotokea mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili, deni la nyavu halishuki pamoja na bei ya samaki.

Geita ina mfano wake nyumbani. Machi 2019 lilifunguliwa pale mjini soko la dhahabu, la kwanza nchini. Kabla ya hapo mchimbaji mdogo aliuza zaidi kwa aliyemfadhili au kwa mnunuzi aliyemfuata shimoni, kwa bei ya maelewano. Sokoni mzigo unapimwa mbele ya watu, bei elekezi inajulikana, na muuzaji anaweza kuhama meza. Wafadhili wa maduara hawakutoweka, ila mchimbaji anayekatwa sasa ana uwezo wa kujua amekatwa kiasi gani. Dhahabu, bila shaka, haiozi. Ndiyo maana kwa sangara mizani bila barafu ni nusu ya dawa.

Hivyo vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, ambavyo tayari vipo mialoni, vingeanza na vitu vitatu: mizani ya kikundi, ubao wa bei ya siku, na barafu ambayo mwanachama anaweza kuinunua bila kumwomba anayemdai. Deni liandikwe kando. Mvuvi auze kwa bei ya ubaoni, kisha akatwe kiasi kilichokubaliwa, labda Sh300 kwa kilo, na kiasi hicho kiingie kwenye daftari kama marejesho. Kwa kilo zilezile 660 atakuwa amelipa Sh198,000 kwa mwezi, na deni la Sh4,000,000 litakwisha ndani ya miezi 21. Wakala akitaka faida juu ya hapo, aitaje kwa tarakimu.

Serikali nayo imeingia. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza utoaji wa boti na vizimba vya samaki kwa mikopo nafuu. Ni hatua nzuri, lakini boti ya mkopo nafuu inayorudi ufukweni bila barafu itaishia kwenye mizani ileile ya zamani. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa samaki Nkome na Kasenda zingeweza kurudisha sehemu ya ushuru huo mwaloni kwa kujenga chumba cha barafu, kabla kusi nyingine haijaanza kuvuma.