Fundi akisema "tuifomati tu", chukua diski yako uende

Vijana wa Mjambere, leo naongea na nyinyi mnaokesha mkiediti video, na nyinyi mliowekewa Ubuntu kwa sababu laptopu ya mtumba haiwezi Windows mpya. Diski ikikataa kufunguka, mafundi wetu wengi wana neno moja tu: fomati. Mimi nasema neno hilo linatumaliza. Laptopu inapona, sawa, lakini harusi ya dada, sauti ya nyanya aliyetangulia na kazi ya mteja aliyelipa nusu, zote kwisha.

Tutenganishe mambo mawili kwanza. Stima kukatika ni jambo moja. Kumbukeni 25 Agosti 2023, giza lilipotanda karibu Kenya nzima. Patisheni za ext4, ambazo Linux nyingi hutumia, huandika mabadiliko ya mpangilio kwenye daftari lake kabla ya kuyatekeleza, kwa hivyo ukiwasha tena, mara nyingi mfumo unajirekebisha wenyewe. Diski yenyewe kuumia ni jambo jingine kabisa. Folda moja inachukua dakika nzima kufunguka, makosa ya kusoma yanajaa kwenye skrini, mara inaanza kugonga tik tik. Hapo ugonjwa uko kwenye chuma.

Na hapa ndipo wajuaji wanapoharibu. Mtu anakimbilia fsck. Fsck si mbaya, lakini kazi yake ni kunyoosha mfumo wa mafaili, na kunyoosha ni kuandika. Kwenye diski inayokufa inaweza kufuta kitu kwa sababu tu imeshindwa kukisoma. Ni kama kumkimbiza mgonjwa wa moyo ndipo umpime.

Sheria ni moja: nakili kwanza, halafu tengeneza ile nakala. Washa Linux kutoka kwa flashi, usifungue ile patisheni, kisha tumia ddrescue ya GNU. Hiyo inachukua sehemu nzima kwanza, inaruka zilizoumia, halafu inazirudia mwisho. Ukiiwekea faili la ramani, hata stima ikipotea katikati unaendelea ulipoachia.

Ukishapata nakala, jaribu unavyotaka. Supabloku, yaani pale ext4 inapoeleza patisheni imepangwa vipi, ina nakala zake za akiba. Patisheni yenye bloku za baiti 4096, akiba ya kwanza kawaida iko kwenye bloku ya 32768, na fsck ya ext4 inakubali kuelekezwa huko. TestDisk hutafuta patisheni zilizopotea. PhotoRec huokota picha na video hata mfumo ukiwa umevunjika, ingawa majina ya mafaili mara nyingi hayarudi. Zote mbili ni za Christophe Grenier, na ni za bure. Hazitaki digrii. Mimi mwenyewe chuo niliacha.

Najua mtasema diski ya pili, tena isiyo ndogo kuliko ile mbovu, ni pesa. Kweli. Basi azimeni, au watu watano mnaoshuti pamoja mnunue moja mfanye ya chama. Na tuseme ukweli, sisi wateja tuna lawama pia. Tunamlipa fundi kwa kumaliza haraka, tunataka mashine jioni hiyo hiyo. Kunakili diski mbovu kunaweza kula siku mbili. Asiyelipwa kwa muda wake atafomati tu, na mimi simshangai.

Si kila kitu kinaokoka. Diski inayogonga izime papo hapo. Hiyo yataka mtaalamu wa kufungua chuma, si programu. Na SSD ikishasafisha nafasi ya faili lililofutwa, maji yamemwagika, hayazoleki. Ndiyo maana nakala ya pili unaiweka diski ikiwa bado nzima.

Lakini kabla hujamkabidhi mtu laptopu yako, muulize swali moja: "Utanakili kwanza?" Akikubali, mlipe siku zake bila kumsumbua. Akicheka, beba mashine yako uondoke. Laptopu za mtumba zimejaa mjini. Sauti ya nyanya yako ni hiyo moja.