Siku Mpira Utakapomwacha

Mwezi huu tunaingia katika jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia akina baba na redio zao, nalo ni mpira wa miguu. Tumesukumwa na mama mmoja wa Kahama.

Mama huyo alikuja zahanati na mwanawe wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Goti la kulia lilikuwa limevimba kama papai. Kijana aliumia Jumamosi jioni uwanjani. Jumapili nyanya yake, kwa upendo mtupu, akalikanda kwa maji ya moto na kulichua kwa mafuta. Jumatatu hakuweza kukanyaga chini. Tulipokuwa tukimfunga bandeji, mama akatoa lililomleta hasa.

"Dada, goti najua litapona. Ila kuna kiongozi wa timu huko Geita anamtaka. Anasema atampa chumba, chakula na viatu vya kuchezea. Baba yake amekwisha kukubali. Anasema afadhali mpira kuliko duara. Nimwache aende?"

Msimcheke baba huyo. Sisi tunaoishi ukanda huu wa dhahabu tunajua duara ni nini. Tumewapokea vijana walioporomokewa na kifusi, na wengine wanaochanganya zebaki kwa mikono mitupu. Mtoto akiacha shule hapa kwetu, njia ya machimboni iko wazi mbele yake. Baba anayeona mpira kuwa nafuu ana sababu. Tulimwomba mama atupe siku mbili za kufikiri, kwa maana tulikuwa na mtu mmoja kichwani ambaye tulitaka kumsimulia habari zake vizuri.

Mtu huyo ni Leodegar Tenga. Wasomaji wetu wa umri wa makamo watamkumbuka, au watawakumbuka kaka zao wakimtaja. Alikuwa beki wa Pan African ya Dar es Salaam, akapata kuwa nahodha wa Taifa Stars. Alikuwamo katika kikosi kilichokwenda Nigeria mwaka 1980 kucheza fainali za Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza kwa nchi yetu. Huko tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast, tukarudi nyumbani. Hatukuja kuziona tena fainali hizo hadi mwaka 2019 kule Misri. Hesabuni wenyewe: miaka 39. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Lagos alikuwa amekwisha kuwa na watoto wake.

Lakini tulichotaka mama yule akisikie si mabao. Siku zile mpira wetu ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji alipewa sifa nyingi na fedha kidogo, na ilimpasa awe na kazi nyingine ya kumlisha. Tenga alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Beki wa timu ya taifa, na wakati huo huo mtu wa hesabu na michoro ya mitambo! Miguu ilipochoka, kama inavyochoka miguu ya kila mchezaji, kichwa kilikuwa bado kina kazi. Mwishoni mwa mwaka 2004 alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho la mpira wa miguu nchini, TFF, akaliongoza hadi 2013. Katika kipindi chake aliletwa kocha Marcio Maximo kutoka Brazil mwaka 2006, na mwaka 2009 Taifa Stars ikacheza fainali za CHAN, zile za wachezaji wa ligi za ndani, huko Ivory Coast. Aliongoza pia CECAFA, chombo cha mpira cha nchi za ukanda wetu, na baadaye akawa mtendaji mkuu wa shirikisho la wenye viwanda. Hiyo kazi ya mwisho hapewi mtu kwa sababu aliwahi kuokoa mpira kwa kichwa.

Katika kikosi kile kile alikuwamo Peter Tino. Huyu ndiye aliyefunga bao la Ndola, Zambia, mwaka 1979, tulipotoka sare 1-1 baada ya kuwafunga Wazambia 1-0 nyumbani, tukapata tiketi ya kwenda Nigeria. Bao moja, na nchi nzima ikalala macho kwa furaha. Mwaka 2019, Taifa Stars ilipofuzu tena, Rais Magufuli aliialika Ikulu, na Tino naye akaitwa akapewa zawadi ya fedha. Tulifurahi sana kuona hivyo. Tulijiuliza vile vile: shukrani ya bao la 1979 imefika miaka 40 baadaye, na je, wangapi wa kizazi chake hawakuifikia siku hiyo? Naye Joel Bendera, aliyekuwa miongoni mwa makocha wa Taifa Stars ya miaka ile, alikuja kuwa mbunge, naibu waziri na mkuu wa mkoa kabla ya kufariki mwaka 2017. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mpira na akili havikai nyumba moja.

Mama alipokuja siku ya pili akatuuliza swali zuri. "Huyo ni wa zamani na wa Dar. Hapa kwetu je?"

Hapa kwetu, mama, tazama timu zenyewe. Stand United, iliyozaliwa stendi ya mabasi pale Shinyanga mjini, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, na Uwanja wa Kambarage ukawa haupitiki siku za mechi. Ikashuka mwaka 2019. Mwadui, ya kule kwenye almasi, ilipanda mwaka 2015 ikashuka 2021. Geita Gold ilipanda mwaka huo huo wa 2021, na katika msimu wake wa kwanza George Mpole wa timu hiyo akawa mfungaji bora wa ligi nzima kwa mabao 17. Ilishuka mwaka 2024. Timu tatu za kanda yetu, na hakuna iliyokaa juu miaka kumi mfululizo. Timu ikishuka, wadhamini huanza kutazama pembeni, na mishahara nayo hupungua. Na hizo ni timu za Ligi Kuu, zenye mikataba. Huyu anayemtaka mwanao ana timu ya ngazi gani, na chumba hicho analipa nani?

Hapo mama akanyamaza. Nasi tukarudi kwenye goti, kwa maana hilo ndilo tulilosomea. Ndani ya goti mna kano zinazoshika mfupa wa paja na mfupa wa mguu. Kano ya katikati ikikatika, mara nyingi mchezaji husikia mlio, goti huvimba ndani ya saa chache, na baadaye huhisi kama linateleza akigeuka. Hata wachezaji wa Ulaya wenye madaktari wao hukaa nje miezi tisa au zaidi baada ya kufanyiwa upasuaji. Kwa hiyo mtoto akiumia goti, siku mbili tatu za kwanza tumieni kitambaa cha maji baridi au barafu iliyofungwa katika nguo, dakika 15 hivi kila mara, mguu ukiwa umeinuliwa juu ya mto. Msilikande kwa maji ya moto, msilichue. Akishindwa kukanyaga, aende hospitali. Na akigongwa kichwa kisha akatapika, akasinzia ovyo au akasahau alipo, msimlaze mkisema amechoka. Mpelekeni usiku huo huo.

Goti la kijana yule lilikuwa na dalili hizo, basi tukamwandikia barua ya rufaa akapigwe picha na kuonwa na daktari wa mifupa.

Kuhusu Geita hatukumwambia nenda wala usiende. Mtoto si wetu, na baba yake yupo. Tulimshauri wazazi wote wawili wamwombe kiongozi yule aandike mambo matatu kwenye karatasi: kijana atasoma shule gani kule, nani atalipa akiumia, na atarudi nyumbani lini kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kijana mwenyewe, aliyekuwa kimya muda wote huku ametazama bandeji yake, akauliza kama Tenga aliwahi kuumia goti. Tukacheka, tukamwambia akikutana naye amuulize.

Wiki iliyopita mama alipita akitoka sokoni na kapu lake. Daktari amesema kano imechanika kidogo tu, haikukatika, na miezi mitatu asiguse mpira. Barua ya wazazi imekwenda Geita kwa mkono wa kondakta wa basi. Majibu bado.