Bunduki ya Staa Ipo Dar, Mlinzi Yupo Dunguni

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, mtoto wa Masasi kabisa, ambaye kawasha moto mtandaoni bila hata kutoa ngoma. Jamaa katupia picha aliyopigwa nje ya nchi kwenye uwanja wa kulengea shabaha, kashika bunduki ndefu ya mbao na chuma, zile za kwenye muvi za kauboi. Ukishapiga, unasukuma kishikio cha chini kwenda mbele, unakirudisha, risasi nyingine inapanda. Chini ya picha kaandika kuwa shamba lake la mikorosho kule Lukuledi lina kesi ya simba, na sasa anataka chuma kama hicho. Akawauliza mashabiki: achukue ya risasi gani?

Basi ikawa vurugu. Waliowahi kutazama video za Alaska wakaleta mambo ya dubu. Wengine wakasema bunduki hiyo ni ya maonyesho, achukue shotgani. Mmoja akaandika kwamba babu yake alimaliza simba kwa gobore na hakuwahi kupiga picha. Wengine wakasema ni kiki tu, albamu inakuja.

Lakini neno la maana kuliko yote hakuliandika mtu. Lilisikika kwenye klipu ya pili, staa alipompigia simu mjomba wake anayemwangalizia shamba, simu ikiwa spika.

"Shikamoo mjomba. Naleta bunduki, simba hawasogei tena hapo."

"Marahaba mjomba." Mzee akakohoa kidogo. "Sasa wewe ukirudi Dar, hiyo bunduki italala na nani?"

Staa akacheka, mashabiki wakacheka naye, mada ikahamia kwenye viatu alivyovaa. Swali la mzee likabaki linaelea hapo hapo, na wakati ndilo swali lenyewe.

Tuanze kwa kumtendea haki staa. Hofu yake haikuanzia kwenye muvi. Watu wa mjini wanaosema simba yupo Serengeti tu hawaijui kusini. Mwaka 2005 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi zaidi ya 308, na ukanda wa kusini, Rufiji na Lindi, ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Rufiji kulikuwa na simba mmoja ambaye watu walimpachika jina la Osama. Kati ya 2002 na 2004 alihusishwa na vifo vya watu zaidi ya 30. Alipouawa na askari wa wanyamapori, alikutwa na jipu kubwa chini ya jino la nyuma. Kwa hiyo mtu wa Lukuledi, Newala au Nachingwea akisema anaogopa usiku, asichekwe.

Na hata bunduki aliyoishika si ya kuchekwa. Marekani wanaitumia msituni kwa sababu za msingi. Ni fupi, inapita vichakani. Unaweza kupiga, kusukuma, kupiga tena bila kuitoa begani. Inabeba risasi kadhaa kwenye bomba chini ya mtutu. Zile za risasi kubwa, kama .45-70 iliyoanza 1873, zina kishindo cha kumtuliza dubu akiwa hatua chache. Bunduki ya namna hiyo imeshafika Afrika Mashariki pia. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipoteremka Mombasa mwaka 1909 kwa safari ya kuwinda, alikuwa na Winchester ya 1895 ya risasi .405, na kwa simba aliisifia kuliko zote.

Sasa hapo ndipo mashabiki wengi walipoishia. Roosevelt alitumia, basi staa achukue. Wanasahau kwamba Roosevelt alikuwa na wapagazi zaidi ya 200, wawindaji wazoefu pembeni, na alimfuata simba mchana kweupe akiwa ameamka, amekunywa chai, bunduki tayari mkononi. Simba ndiye aliyeshtukizwa. Lukuledi mambo ni kinyume. Anayeshtukizwa ni binadamu, tena akiwa amelala.

Mashamba ya kusini yana adui wa kila usiku, naye ni nguruwe pori. Mahindi yakianza kukomaa, mihogo ikijaa, nguruwe wanaingia kundi zima, na asubuhi mwenye shamba anakuta uwanja wa mpira. Ndiyo maana watu wanajenga dungu, kibanda cha miti na nyasi, wanahamia shambani kulinda. Simba naye, sehemu ambazo wanyama wengine wamekwisha, anamfuata nguruwe huyo huyo. Anafika shambani akitafuta nguruwe, anamkuta mtu amelala kwenye kibanda kisicho na mlango. Utafiti ule wa 2005 ulionyesha kuwa mashambulizi yalizidi Machi hadi Mei, wakati wa mavuno. Wengine walichukuliwa wakitoka usiku kwenda choo cha nje.

Mtu wa namna hiyo, hata umpe bunduki ya dhahabu, ataitumia saa ngapi? Simba anayekuja kwa kasi anamaliza mita 40 ndani ya sekunde mbili tatu. Hapo ni kama umemwona. Gizani, nyasi zimekuzidi kimo, tochi imefifia, usingizi haujatoka machoni, mtu bado anatafuta viatu. Mjadala wa .45-70 au .30-30 unakuwa hauna mtu wa kuuamua.

Bado kuna sheria, na hapa swali la mjomba linauma zaidi. Tanzania leseni ya silaha ni ya mtu, si ya shamba. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, anayemiliki ni yule aliyeomba, akachunguzwa, akapewa kibali kwa jina lake. Staa hawezi kuinunua, akapiga nayo picha, kisha akamwachia mlinzi wa shamba kama anavyomwachia panga na jembe. Akifanya hivyo, wote wawili wako matatani, na atakayeshikwa kwanza ni mlinzi. Kwa hiyo bunduki itarudi Dar na mwenyewe. Itafungiwa kabatini kwenye nyumba yenye geti, kamera na mlinzi wa kampuni, mahali ambapo simba hajawahi kuonekana. Na mzee wa watu kule Lukuledi atapanda dunguni na panga lake na kopo la kugonga.

Yaani silaha itamlinda asiyekuwepo.

Kuna waliosema suluhisho ni kuwapa walinzi gobore, maana fundi wa kuyatengeneza hakosekani. Hili nalo liachwe. Gobore lisilo na kibali ni kesi ya jinai, na hata lingekuwa na kibali ni risasi moja tu. Unajaza baruti, unashindilia, unapiga, ukikosa unaanza upya. Simba aliyejeruhiwa na gobore akaingia kichakani ni hatari kuliko yule aliyekuja na njaa yake tu. Kesho yake hatavamia mwenye gobore. Atamkuta mama anayekwenda kuchota maji.

Na je, staa akihamia kabisa Lukuledi, akawa mkulima wa kudumu mwenye leseni yake? Hapo sawa, mjadala wa bunduki una maana, ila hata hapo kauboi hashiki namba moja. Jambo la kwanza ni risasi: kama hazipatikani dukani nchini, bunduki ni fimbo ya bei mbaya. Jambo la pili ni fundi wa kuitengeneza. La tatu ni mazoezi, maana kishikio kile kinataka mkono uliozoea. Mtu akisukuma nusu kwa woga, risasi inakwama. La nne, zile zenye bomba chini ya mtutu zinataka risasi za ncha butu, kwa sababu zinapangwa moja nyuma ya nyingine na ncha kali inaweza kugonga fataki ya iliyo mbele. Wawindaji wa kulipwa wa nchi hii, wanaoishi kwa kazi hiyo, wengi hubeba bunduki ya komeo ya .375 kwenda juu. Hawaendi kwa sura ya bunduki.

Tena siku hizi anayewatoa watu jasho upande wa Masasi, Nanyumbu, Nachingwea hadi Tunduru ni tembo. Anaingia kwenye mikorosho na mahindi, anaondoka na msimu mzima. Ukimpiga tembo kwa bunduki ya kauboi, umechokoza tani kadhaa za hasira. Ukimwua bila sababu inayokubalika kisheria, hiyo ni nyara ya serikali, na kesi yake si ya kutoka kwa faini ndogo. Wanaopambana nao kila siku, askari wa TAWA na vijana wa vijijini, wanatumia mabomu baridi, honi, tochi kali, kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, na mizinga ya nyuki. Havipendezi kwenye picha, ila vinafukuza.

Basi pesa ya staa iende wapi? Jibu alilitoa mjomba kwa kuuliza. Iende kwa anayelala pale. Bunduki halali dukani ni mamilioni. Kwa pesa hiyo dungu linaweza kuinuliwa juu ya nguzo nene, likapata ngazi ya kuvutwa juu, kuta za mabanzi na mlango unaofungwa kwa ndani. Choo kikasogezwa karibu na nyumba na kikawekewa taa ya sola. Mlinzi akawa wawili badala ya mmoja, ili mmoja alale mwingine akeshe. Tochi nzuri mbili, simu yenye chaji na namba ya afisa wanyamapori wa wilaya. Shamba likazungushiwa mtaro au uzio wa kuzuia nguruwe, maana nguruwe akikosa sababu ya kuja, simba naye hana wa kumfuata. Kama eneo lina taarifa za simba anayevamia, waitwe askari wenye silaha, mafunzo na mamlaka. Ndiyo kazi yao.

Mashabiki watasema huo si wajibu wa msanii. Labda. Lakini kila msimu wa korosho, minada ikianza na pesa ikishuka, wasanii wanashuka nayo. Masasi viingilio vinalipwa, Newala watu wanajaa, na huyu staa kila akipanda jukwaani anapiga kelele kwamba yeye ni wa nyumbani. Nyumbani ndipo alipo huyo mzee. Ana familia, na thamani ya mtu kama yeye serikalini ilishawahi kuandikwa: Kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Milioni moja. Kuna miwani kwenye picha ile ile inayokaribia bei hiyo.

Tena staa ana kitu ambacho serikali ya kijiji haina: watu wanamsikiliza. Klipu moja ya kuonyesha dungu salama linavyojengwa, akiwa na mjomba wake, ingefika Ndanda, Nanyumbu na Liwale kabla ya jioni. Vijana wangeiga, kama walivyoiga ule mtindo wake wa nywele. Badala yake kawafundisha kwamba dawa ya simba ni chuma cha kigeni ambacho hawawezi kukinunua. Kijana wa Lukuledi aliyeiona ile picha hatakwenda kuomba leseni. Atakwenda kwa fundi wa gobore.

Bunduki si dhambi, na kuipenda si kosa. Mwenye hamu ya kulenga shabaha akalenge, mwenye sifa za kumiliki afuate utaratibu amiliki. Ila isiitwe ulinzi wa shamba kitu ambacho hakitalala shambani hata usiku mmoja. Ulinzi unapimwa saa nane usiku, mvua imeanza, nguruwe wanasikika kwenye mihogo, na mtu mmoja juu ya kibanda anajiuliza kama ile sauti nyingine ni upepo.

Mavuno hayako mbali. Staa ana muda wa kumpigia mjomba tena, safari hii bila kamera, amjibu lile swali.

Wadau, hasa mnaotoka Masasi, Newala na Nachingwea: kwenu dungu linajengwaje, na nani analala ndani yake? Tiririka hapo chini.