Mnatokea Wapi Wikiendi Hii?

Vijana wa hapa Katubuka wakinilalamikia kwamba hakuna pa kumtoa mpenzi zaidi ya kwenda kula migebuka Kibirizi, huwa nawasimulia Drive-In ya Dar es Salaam.

Ilifunguliwa 1966 kule Msasani. Unaingia na gari lako, unaegesha mbele ya skrini kubwa, giza likiingia filamu inaanza. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo sinema ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Za Kihindi, zenye mapenzi, machozi na nyimbo, zilipendwa hata na wasiojua neno la Kihindi. Familia zilijazana garini na vyakula vyao. Wachumba nao walipata kitu adimu: faragha katikati ya umati. Wengine, tuseme ukweli, filamu waliisikia tu!

Miaka ya 1970 mafuta yakapanda bei, serikali ikazuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Sinema ya magari bila magari, jamani? Halafu video zikaingia majumbani. Ubalozi wa Marekani, uliolipuliwa 1998, ulijengwa upya palepale ilipokuwa Drive-In, ukafunguliwa 2003.

Mimi natamani ule utamu wa kuangalia kitu kimoja. Siku hizi mko kitanda kimoja, kila mtu na simu yake. Yeye analia na tamthilia, wewe unacheka na vichekesho vyako. Mume wangu nimeshamwambia: shuka jeupe lipo, ukuta wa uani upo, bado kuazima projekta.