Mwili Hauendi kwa Fundi, Nguo Ndiyo Inayokwenda



Leo hatukuleta mtindo wa abaya wala rangi za Idi. Leo tumekuja kulisema begi. Mnalijua begi lenyewe: liko juu ya kabati au mvunguni mwa kitanda, ndani yamo magauni ya kabla ya mtoto, na jina lake ni "nikipungua". Mtoto ameshaanza chuoni, begi bado linangoja. Sisi tunaokaa na cherehani mchana kutwa tunasema bila kuficha: begi hilo linawadhulumu wanawake wetu, na lifunguliwe.

Linavyofanya kazi yake

Mzazi kamaliza arobaini. Kakandwa, kafungwa tumbo, kanywa uji wa pilipili manga, uso unang'ara mashaallah. Mwaliko wa harusi unafika. Anatoa gauni lake la mwaka juzi, zipu inapanda mpaka katikati ya mgongo, inagoma. Hapo zipo njia tatu, na zote tunaziona kwa wateja wetu. Wa kwanza anabaki nyumbani na kusingizia mtoto anaumwa. Wa pili anakopa ashone jipya, kesho kutwa sare ya harusi nyingine, deni juu ya deni. Wa tatu anaacha kula ili gauni limkae, naye ananyonyesha.

Huyu wa tatu ndiye anayetutia uchungu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, kisha apewe chakula kingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Na Qur'ani, katika Suratul-Baqara aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Basi mwili wa mzazi una kazi ya miaka miwili. Gauni la satini lina kazi ya jioni moja. Nani anapaswa kumsubiri mwenzake?

Hatusemi mtu asitembee asubuhi au asipunguze sukari. Anayetaka kupungua kwa afya yake na afanye, kwa ushauri wa wauguzi, na Mwenyezi Mungu amsaidie. Tunachokipinga ni mtu kujinyima kwa ajili ya kipande cha kitambaa. Tena mjue jambo moja la ufundi: kupunguza nguo ni kazi nyepesi kuliko kuitanua. Ukivaa saizi yako ya leo, halafu ukapungua, fundi atakubania kwa muda mfupi. Hupotezi kitu.

Bibi zetu hawakuwa na begi hili

Tazameni nguo za wazee wetu. Kanga haina saizi. Doti ile ile aliyojifunga mwari ndiyo aliyojifunga akiwa na mimba ya miezi minane, ndiyo aliyombebea mtoto, ndiyo aliyojitandia akienda hitima. Dera nalo halina kiuno. Buibui la zamani lilikuwa pana, halimuulizi mtu amezaa wangapi. Mavazi ya kwetu yalitengenezwa na watu waliojua kuwa mwili wa mwanamke unakwenda na kurudi.

Balaa limekuja na gauni la kubana lenye zipu ya mgongoni. Nasi hatulikatai, tunalishona na tunakula kwalo. Lakini ukilichukua gauni la namna hiyo lazima ulichukue na akili yake: lisitiwe mkasi mpaka ukingoni.

Na hapa tunawasema mafundi wenzetu. Siku hizi fundi anakata kitambaa sawasawa na vipimo, anapiga oveloki, kilichobaki kinafagiwa. Nguo haina akiba ndani. Huo si ushonaji, ni haraka. Mshono wa ubavuni unatakiwa uachiwe inchi moja. Fanyeni hesabu: ubavu mmoja una vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, na mbavu ni mbili. Ukifumua robo tatu ya inchi kila kipande, umepata inchi tatu nzima, na bado robo inchi imebaki ya kushikilia uzi. Inchi tatu zinamtosha mama mwengine kuvaa gauni lake la harusini bila kushika pumzi. Kwa hiyo, dada, ukipeleka kitambaa mwambie fundi aache akiba. Kitambaa umekinunua wewe.

Fungueni begi, tugawe mafungu matatu

Fungu la kwanza ni la kutanua. Nguo za pamba na vitenge zinakubali kufumuliwa. Ukifua na kupiga pasi, matundu ya sindano hupungua. Satini na hariri zina kinyongo, alama ya mshono wa zamani hubaki, basi ifunikeni kwa utepe au lesi. Inchi zikiwa hazitoshi, tunatia upande: kipande kirefu kutoka kwapani mpaka kwenye pindo, kila ubavu. Kwenye abaya msihangaike kutafuta weusi unaofanana, kwa sababu weusi wa dukani leo hautafanana na weusi uliokwishafuliwa mara thelathini. Tieni lesi au rangi nyingine kabisa, ionekane imekusudiwa. Na mnaonyonyesha, wakati gauni liko mezani kwa fundi mwambieni atie zipu mbili za kificho kifuani. Kazi ni hiyo hiyo moja.

Fungu la pili ni la kugeuza. Gauni refu lisilotanuka lina sketi ya kutosha ndani yake kumshonea binti nguo ya Idi. Kitenge kinatoa mto, kinatoa begi la nepi. Bi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Sasa sisi nani tuone haya kuvaa kilichotiwa upande?

Fungu la tatu ni la kutoa au kuuza. Kuuza si aibu. Abaya nzima uliyoivaa mara mbili, ukimuuzia jirani kwa bei ya chini na kumpokea pesa kidogo kidogo, yeye kasitirika nawe umepata cha maziwa ya mtoto.

Kumbukumbu je? Weka moja. Gauni la nikaha, au nguo uliyovaa siku uliyotolewa nje na mtoto. Moja, mbili. Kumi na tano si kumbukumbu, ni ghala.

Sadaka si jalala

Hapa tutakuwa wakali, mtuwie radhi. Wapo wanaofungua begi, wazima wanarudisha, vibovu wanavitia kwenye mfuko: kilichotoka kola, kilichochanika kwapani, kilichopauka. Halafu mfuko unapelekwa kwa mayatima na picha inapigwa. Tukinunua mitumba tukakuta nguo chafu ndani ya robota tunawalaani Wazungu kwamba wametufanya jaa. Na sisi tunawafanya nini mayatima?

Suratul-Baqara aya ya 267 inatukataza kukusudia kutoa kibaya, kitu ambacho sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Na Suratu Aal-Imran aya ya 92 inatufunza kwamba wema hatuufikii mpaka tutoe katika vile tunavyovipenda. Gauni unalolipenda ambalo halikuenei ndilo hilo hasa. Linakuuma kidogo kulitoa, na liko zima. Toa likiwa na vifungo vyake, limefuliwa, limepigwa pasi. Nguo ikikaa begini miaka mitano kwenye unyevu wetu huu wa bahari, inapata madoa ya kutu na ukungu, mpira wa kiuno unalegea, nondo wanakula. Siku utakayoamua kuitoa itakuwa imeshakuwa tambara. Anayengoja sana hutoa taka.

Kuna wanaosema, "Nguo yangu nikimpa mtu, nitafanyiwa jambo." Husda ipo, hatubishani. Lakini dawa yake tumeshafundishwa: tusome dua zetu za asubuhi na jioni, tuifue nguo, tuitoe kwa bismillahi. Hofu isiyotuzuia kuwapa nguo mashoga zetu harusini isije ikatuzuia kumpa mzazi maskini wa mtaa wa pili asiye na gauni la kuendea kliniki.

Kwa wanaosema

Wifi, ukija kumwangalia mzazi, mpe mkono wa uzazi na umwombee dua. Usimwambie "umekuwa pipa". Nawe shemeji, gauni la begi la harusi ulilomletea lilikuwa la mwanamke ambaye hajakuzalia. Huyu wa sasa kakuzalia. Ukitamani kumwona amependeza, mpe nauli ya kwenda kwa fundi na ukae na mtoto saa moja.

Na wewe mwenye begi: Suratul-A'araf aya ya 31 inatuamrisha tuchukue mapambo yetu tunapokwenda kuswali, tena ndani ya aya hiyo hiyo inatuambia tule na tunywe wala tusifanye israfu. Kupendeza, kula, na kutofuja, vyote pamoja. Begi lililofungwa linavunja vyote vitatu: hupendezi, huli, na nguo zinaoza.

Basi tuwekeane muda. Wiki hii, kabla ya Ijumaa, begi lishushwe. Kila nguo ivaliwe mara moja mbele ya kioo. Inayokuenea, itundike. Inayokaribia, ipeleke kwa fundi. Isiyokukaribia, itoe ingali nzima. Na lile begi lenyewe, likishakuwa tupu, litieni nguo za mtoto, maana yeye ndiye anayekua kila mwezi wala hakuna anayemlaumu.

Mwenyezi Mungu awape wazazi wote afya, maziwa na sitara. Amin.