Mkate wa Shimoni na Mkate wa Posho



Juma hili twawachukua mbali, hadi kusini-magharibi mwa Marekani, katika nyanda za juu zenye miamba myekundu zilizomo ndani ya majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Huko ndiko kwao Wanavajo, ambao kwa lugha yao hujiita Diné, yaani watu. Mvua yao ni haba, jua lao ni kali, na majira ya baridi huwaletea theluji. Nyumba yao ya jadi, hogan, ni chumba kimoja cha mviringo chenye mlango ukabilio mashariki. Mapishi makubwa hayangeenea humo, wala wakati wa joto hakuna atakaye moto ndani. Hivyo moto uliwashwa nje, na mara nyingi uliwashwa ndani ya shimo.

Kabla ya kufika jikoni mwao, na tukumbuke kwamba tuna jambo tunaloshiriki nao. Jina la mahindi latufanya tudhani yametoka Uhindini, lakini asili yake ni bara la Amerika, na huku kwetu yalifika baada ya Wareno kuanza kupita katika bahari hii. Hindi la kuchoma tulipakalo ndimu na pilipili jioni ni jamaa wa mbali wa mahindi ya Wanavajo, meupe, ya manjano na ya buluu.

Mavuno yanapokaribia, mahindi yakiwa bado mabichi, hupikwa mkate ambao jina lake lamaanisha mkate wa kupiga magoti, kwa kuwa msagaji hupiga magoti mbele ya jiwe lake. Punje hukatwa kwa kisu kutoka kwenye gunzi, zikasagwa juu ya jiwe bapa kwa jiwe dogo la mkononi hata ziwe rojo zito. Utamu na maji vimo ndani ya punje zenyewe, basi hakiongezwi kitu, labda chumvi kidogo. Rojo hufungwa ndani ya maganda mabichi ya mahindi. Hapo nyuma moto umekuwa ukiwaka shimoni kwa saa kadhaa. Makaa huondolewa, vifurushi hupangwa juu ya udongo uliopata moto, hufunikwa kwa maganda na udongo, kisha makaa hurudishwa juu. Aliyepata kuvumbika viazi katika jivu ataielewa harufu yake bila kuelezwa zaidi.

Mahindi mazima nayo huvumbikwa hivyo hivyo usiku kucha, na asubuhi shimo hufunuliwa watu wakala yakiwa moto. Yanayobaki huanikwa, yakawekwa kwa ajili ya baridi. Miezi kadhaa baadaye, nje kuna theluji, punje hizo kavu hutiwa katika mchuzi wa kondoo, na mchuzi wote ukanukia moshi wa mavuno yaliyopita.

Lipo pia jivu lenyewe, ambalo kwao ni kiungo cha kupikia. Matawi mabichi ya mti wa jamii ya mtarakwa huchomwa, jivu lake likachungwa, na kidogo chake kikatiwa katika uji wa mahindi ya buluu. Rangi ya uji hukolea, na mlaji hupata kalsiamu ijengayo mifupa. Tumependezwa mno na jambo hili. Mabibi waliolirithisha walijua faida yake kabla ya maabara yoyote kulipima.

Shimo kubwa kuliko yote huchimbwa kwa ajili ya msichana. Anapobaleghe hufanyiwa sherehe iitwayo Kinaaldá, ya siku nne kwa desturi. Hukimbia alfajiri kuelekea mashariki, na husaga mahindi mengi kwa mikono yake akisaidiwa na wanawake wa ukoo. Unga huo hukorogwa kwa maji ya moto, ukamiminwa katika shimo lililotandikwa maganda ya mahindi, ukafunikwa, na juu yake moto ukawashwa. Watu hukesha wakiimba nyimbo zao za ibada, na moto haufai kuzimika. Kunapokucha mkate hukatwa, na msichana huwagawia wote waliohudhuria. Yeye mwenyewe, kwa desturi, hauli. Hiyo ni dini yao, nasi tuna yetu. Twaitaja kwa heshima inayostahili ya jirani.

Tukija kwenye nyama, kondoo ndiye mali ya nyumba, na mara nyingi mwenye kundi ni mwanamke. Ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mara nyingi ni mwanamke huyo huyo achinjaye na kuchuna. Hakitupwi kitu. Mafuta huzungushiwa utumbo mwembamba, yakachomwa juu ya makaa hata yakauke na kulia mdomoni. Damu nayo hupikwa, jambo ambalo kwetu ni haramu, nasi hatuna zaidi la kulisemea.

Ndiyo maana jeraha la miaka ya 1930 halijapona. Serikali ya Marekani, ikisema kwamba malisho yamechakaa na udongo unachukuliwa na mvua, iliamuru mifugo ipunguzwe. Kondoo na mbuzi wengi mno walichukuliwa, na wengine walipigwa risasi wakaachwa kuoza. Wanawake wenye mali hiyo hawakushauriwa inavyopasa. Wajukuu wa familia hizo wangali wakisimulia siku bibi zao walipoliona zizi tupu.

Msiba wa kwanza ulitangulia huo kwa miaka sabini. Katika 1863 na 1864 jeshi likiongozwa na Kit Carson lilichoma mashamba ya mahindi na kukata mipichi ya bonde la Canyon de Chelly, ili njaa iwatoe watu majabalini. Maelfu waliendeshwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, huko New Mexico, wakazuiliwa. Mahindi waliyopanda huko yaliliwa na wadudu, na maji ya mto yaliwaumiza matumbo. Waligawiwa posho: unga wa ngano, nyama, kahawa. Wazee husimulia kwamba wapo waliozichemsha buni kama maharage wakingoja ziive, na waliokula unga kwa maji matupu wakaugua. Mkataba wa Juni 1868 uliwarudisha kwao, lakini unga ulirudi pamoja nao.

Kwa unga huo, pamoja na chumvi, hamira na mafuta, ulitokea mkate bapa wa kukaanga ambao leo wajulikana kote Marekani kuwa chakula cha wenyeji wa asili. (Msomaji wetu aliye safarini na aulize kwanza mafuta ni ya nini, kwani ya nguruwe yametumika sana.) Wapo Wanavajo wasioupenda kabisa, wakisema ni kumbukumbu ya kifungo na ni mshirika wa kisukari kilichoenea kwao. Mwaka 2014 serikali yao ilipitisha sheria ya kutoza asilimia 2 ya ziada kwa vyakula visivyo na afya, na ikaondoa kodi ya mauzo kwa matunda na mboga. Wapo pia wasemao kwamba ndio uliowavusha wazee wao, basi vipi utukanwe.

Sisi twaona pande zote mbili zina haki. Mtoto anayekumbuka kikaango cha nyanya yake hakumbuki kambi ya jeshi. Akumbuka mikono ikigeuza mkate, na sauti ikimwita aje angali moto. Hata hivyo, mkate wa kukaanga hauna hatari ya kupotea. Mtu mmoja, mfuko mmoja wa unga na kikaango vyatosha. Mkate wa shimoni wataka shamba, na shamba lataka maji katika nchi ambayo nyumba nyingi hazina bomba, watu wakichota kwa mapipa na magari. Wataka jiwe la kusagia na aliyefundishwa kulitumia. Wataka kuni, mchimbaji wa shimo, mkusanyaji wa maganda, na mtu wa kukesha. Vijana wengi wamo mijini, Phoenix na Albuquerque, wakifuata kazi na masomo. Kwa hiyo mama mwenye binti anayekaribia umri huanza mapema kuulizia katika ukoo ni nani atakuja kusaga, na ni nani atakayekaa na moto hadi alfajiri.